Namba ya Kufungulia Vitabu

Shule ya Sekondari,
Kiabakari, Butiama.
17 Julai 2025

Kwa dada yangu Prudence,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri kwenye meza yako ya vitenge hapo sokoni Bunda, na lile goti limepunguza visa vyake. Shemeji Clementi hajambo? Pamba yake ya mwaka huu imeitikaje? Mimi mwili ni mzima. Nikisema na roho ni nzima nitakuwa nimeanza kwa uongo, na nimeapa barua hii haitakuwa na uongo hata mmoja.

Najua utashangaa kuletewa bahasha wakati simu ipo. Simu yangu iliangukia kwenye choo cha walimu wiki mbili zilizopita, cheka tu, walimu wenzangu wamekwisha cheka. Laini unayonipigia nimeirudisha siku ileile kwa kidole changu. Lakini haya niliyonayo hayasemeki kwa simu, maana nikisikia sauti yako nitayapindisha. Ndiyo maana nimemkabidhi Tabitha, mwalimu mwenzangu, akuletee mkononi. Agiza chai, usome mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Unakumbuka mwaka jana mwanzoni nilivyotamba kwamba shule yetu imenunua vitabu vya kidijitali? Mkuu wetu, Mwalimu Mseti, alikuwa amechoka kuona kitabu kimoja cha Biolojia kikigombaniwa na watoto saba. Akaita wazazi, akapeleka hoja kwenye bodi, ombi likapita kwenye mfumo wa manunuzi, na mzabuni kutoka Musoma akatuletea vishikwambi arobaini vyenye vitabu vya masomo tisa. Vile vya karatasi tukawapa shule jirani. Aliyesimama kwenye kikao akasema havina kazi tena ni mimi, mwalimu wa taaluma, na nilipigiwa makofi.

Siku ya kupokea mzigo ungekuwepo ungeanguka kwa kicheko. Mwalimu Kwangu wa stoo alikuja na muhuri wake na kidau cha wino, akasema yeye vitabu vyote vya serikali alikuwaga anavigonga muhuri ukurasa wa kwanza na wa mwisho, sasa hawa wamwonyeshe ukurasa wa kugonga. Fundi wa mzabuni akamweleza kwamba kitabu kimo ndani. Mzee akajibu kwamba kitu kisichogongeka muhuri hakiingii kwenye daftari lake. Mwishowe aligonga migongo ya vishikwambi vyote arobaini, na wino ule ulihamia kwenye mashati ya watoto mpaka Aprili. Tulihesabu vishikwambi, tukahesabu chaja, tukahesabu hata makasha. Hakuna aliyeuliza kama tumenunua vitabu au tumenunua ruhusa ya kuvifungua. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ile, na sahihi yangu ipo.

Jibu tulilipata wenyewe baadaye. Kila muhula mpya unapoanza, vitabu vinajifunga. Kuvifungua, mzabuni anatuma tarakimu sita kwenye namba moja ya simu iliyosajiliwa siku ile ya mapokezi, na ukiziingiza, vishikwambi vyote vinafunguka. Namba yenyewe ilitakiwa ipokee ujumbe palepale shuleni. Unaujua mtandao wa huku. Laini ya mkuu ilikataa, ya Mwalimu Kwangu ikakataa, ikakubali iliyokuwa kwenye simu yangu, tena nikiwa nimesimama kando ya tangi la maji. Ikaandikwa hiyo. Mihula mitatu nilikwenda pale tangini, nikapokea tarakimu na kurudi darasani nikitembea kama mganga aliyeleta mvua.

Muhula huu simu ikawa imezama, na laini ile haijarudi. Sababu nitakueleza, usiniharakishe. Mzabuni anasema kubadilisha namba kunahitaji uthibitisho unaotumwa kwenye namba ileile ya zamani. Njia nyingine ni barua kupitia halmashauri hadi kwa mchapishaji mwenye vitabu, nayo haitarudi kabla ya Novemba. Novemba, dada, ndio mtihani wa Kidato cha Nne. Nina watoto mia moja na nne wanaosoma majalada. Unagusa Kemia, picha ya jalada inang'aa, halafu inakuomba tarakimu. Shule jirani nimekwenda kuomba, wakatuazima vitabu sita vya karatasi, nusu yake havina kurasa za mwanzo.

Kuna binti mmoja anaitwa Hana. Muhula uliopita nilimkuta ananakili kitabu cha Biolojia kutoka kwenye kishikwambi kwenda kwenye kaunta buku, neno kwa neno, na michoro ya moyo na figo juu. Nilimwambia anamaliza wino bure. Akanijibu kwa heshima kwamba kitu kinachofungwa na mtu mwingine yeye hakiamini. Leo darasa zima linapanga foleni kusoma kaunta buku lile, sura tatu tu, na mimi mwalimu wake nimepanga nao. Anataka kuwa muuguzi. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na aibu hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike.

Basi sikia sasa. Laini ile hairudi kwa kidole changu kwa sababu si yangu. Ni ile uliyonisajilia wewe kwa kidole chako, mwaka ule namba yangu ya kitambulisho ilipokuwa haijatoka.

Najua unachosema hapo ulipo. Unasema Anastazia aliivunja. Pasaka ya mwaka juzi uliposikia redioni kwamba kila mtu ahakiki laini zilizo kwa jina lake, ulituambia wote tulete au tuvunje, na mimi nilikwambia mbele ya mama kule Nyegina kwamba yangu nimeivunja kwa jiwe. Sikuivunja. Ilikuwa ndiyo laini pekee inayoshika hapa shuleni, na sikuwa na kitambulisho cha kusajilia nyingine ya mtandao ule. Nikajipa mwezi mmoja. Kitambulisho kilipotoka ningeweza kuihamisha iwe yangu, lakini kuihamisha kulitaka uje uweke kidole, na ukija ungejua nilikudanganya. Nikanyamaza. Nikaisajilia na vitabu vya shule nzima.

Hilo lingekuwa lote, ningelala. Siyo lote.

Mwaka jana mwezi wa nane Eliasi wa baba mdogo alipotapeli watu kwa laini aliyoificha ikiwa na jina lako, ukaitwa kituo cha polisi, ukalala huko. Ulituhadithia wewe mwenyewe. Kesho yake waliona kwenye kompyuta kwamba unazo laini nyingine mbili, ya Eliasi na moja zaidi. Ukawaambia hiyo moja ilikuwa ya mdogo wako na alishaivunja. Wakaipiga palepale mbele yako. Ulirudi nyumbani unaapa kwamba wale watu ni waongo, kwamba walijifanya inaita ili wakuvunje moyo, na kwa kuwaita waongo ndipo wakakuweka ndani usiku wa pili.

Iliita, dada. Niliipokea mimi. Nilikuwa chumba cha walimu, kwenye dirisha la upande wa tangi, nasahihisha madaftari. Mwanamume akataja majina yako yote matatu, akauliza kama nakufahamu. Ningependa kukuandikia kwamba nilidhani ni tapeli. Sikudhani hivyo. Niliogopa, nikakata, nikazima simu. Jioni nilipoiwasha nyumbani, shemeji alinipigia kwenye laini yangu nyingine akaniambia unalala ndani usiku wa pili, na nikaelewa nilichokifanya. Nilikuwa na usiku mzima na asubuhi nzima ya kupanda gari nikaseme kwamba ulisema kile ulichokijua. Sikwenda. Nilikuja ulipokwisha kutoka, nimekubebea sato wawili, ukanikumbatia mlangoni, ukawaambia majirani kwamba wewe Anastazia unamjua, hawezi kukudanganya. Tukala wale samaki.

Sina neno la kupunguza hilo, na sitafuti.

Nimeamua hivi, na siombi ruhusa. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe ishirini na tano, nakuja Bunda. Kituo cha kwanza ni hukohuko kituoni, kuandikisha maelezo kwamba laini ilikuwa mkononi mwangu, kwamba simu nilipokea mimi, na kwamba wewe hukudanganya mtu. Maelezo nimekwisha yaandika, ni ile karatasi ya pili ndani ya bahasha. Nimeweka sahihi, nimeacha nafasi ya tarehe. Wakiniweka ndani, waniweke. Mwalimu Mseti nimemweleza yote jana. Akasema cheo cha taaluma atanivua mpaka bodi ikae, na watoto niendelee kuwafundisha. Nimekubali.

Jumamosi asubuhi, kama nitakuwa nje, nitakuwa kwa wakala wa laini karibu na stendi, na kitambulisho changu. Ukija, utaweka kidole mara mbili: mara ya kwanza laini irudi, mara ya pili ihame kutoka jina lako kuja langu. Baada ya hapo hakuna mtu duniani atakayeshika simu yenye jina lako isipokuwa wewe. Najua ninachokuomba. Najua mashine ile ya alama za vidole inakukumbusha nini. Ndiyo maana kituoni nitakwenda kwanza, Ijumaa, ili usije ukadhani nimekuuzia ukweli kwa tarakimu sita.

Usipokuja, sitakupigia, wala sitamtuma mama. Nitarudi shuleni na kuendelea na tulichoanza juzi: Hana anasoma kwa sauti, mimi naandika ubaoni, watoto wananakili. Saa kumi jioni mpaka jua linazama, kila siku, na siku hizo za Bunda nitazifidia. Vile vitabu sita vya shule jirani navyo tunavipitisha hivyohivyo. Tutafika Novemba mikono imevimba, lakini tutafika.

Nisalimie shemeji Clementi, na hii barua asome kama unataka asome. Wasalimie wanao. Mama namwendea mwenyewe Nyegina Jumapili hii baada ya misa, kwa hiyo usihangaike kumficha wala kumwambia.

Sijui kama bado unataka niandike neno linalokuja hapa chini. Naandika kwa sababu ndilo nililo nalo.

Mdogo wako,
Anastazia