Tangi la Wapita Njia

3 Februari

Kwa Kaka,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mimi mafua yamenikamata tangu Jumanne na pua yangu imekuwa nyekundu kama taa ya nyuma ya gari. Mama hajambo. Mguu bado unamsumbua akisimama sana dukani, lakini ukimwambia akae anasema hakuna anayenunua misumari kwa mtu aliyekaa. Wewe je, kile kikohozi kimekuacha?

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua, nikishika simu maneno yananikimbia. Pia nina michoro, na michoro haipigiwi simu.

Ijumaa mimi na Mama tulitazama pale dukani kipindi cha mwisho cha msimu wa kumi na mbili wa katuni yenu. Kaka, mmeuangusha mnara wa saa. Nimeutazama mnara ule tangu nina miaka minne. Najua ngazi zake ni sitini na tatu, ingawa kuna kipindi mlichora sitini na moja (sijamwambia mtu). Kila safari ya Wapita Njia ilianzia pale na kuishia pale, Bibi Darubini akichungulia dirishani na Mapacha wakigombania kitanda cha juu. Sasa wote wako barabarani. Konokono peke yake ndiye asiye na shida, maana yeye anatembea na nyumba yake.

Ulipokuja Desemba ulimwambia Mama, na shangazi akiwepo, kwamba wakuu wa studio watachagua makao mapya kwenye mkutano wa mwezi wa tatu, na kwamba wewe, mchoraji mkuu wa mandhari, una kiti kwenye mkutano huo. Basi nina ombi. Nimechora tangi la maji lililokauka, la duara, limesimama kilimani juu ya miguu minne ya chuma. Ndani hakuna kona, kwa hiyo hakuna mahali pa kwenda kununa. Ukinong'ona upande mmoja, upande wa pili wanasikia. Siku hizi Wapita Njia wanafichana mambo mno. Ndani ya tangi hawataweza. Anayetaka kusema uongo itabidi ashuke ngazi kwanza.

Naomba ulifikishe mezani. Kwangu si mchezo, nimelifikiria tangu mwaka jana.

Mdogo wako


20 Februari

Kwa mdogo wangu Miwani,

Marahaba. Nafurahi mko salama, na pole kwa pua. Kikohozi kimeniacha, kimehamia kwa jirani yangu wa meza. Mwambie Mama apakae ile dawa ya mguu, asiiweke kabatini kama pambo.

Tangi lako nimelipenda sana. Una kichwa, wewe. Nimemwonyesha Mkurugenzi, akatikisa kichwa juu na chini, na kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba. Anachotaka sasa ni kuliona kwa ndani, kutoka pande tatu. Katuni inayokwenda miaka mingi haina mchezo na makao. Yanachorwa mara moja, halafu picha hiyohiyo inatumika kila wiki. Mlango ukikosewa leo, utakuwa umekosewa miaka kumi.

Usiwe na wasiwasi, mimi nipo.

Kaka yako


1 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mafua yamekwisha. Mama anapakaa dawa, lakini ananuna kama mtoto.

Pande tatu hizi hapa. Zimenichukua siku tano, kwa sababu nilifanya kosa la kumwonyesha Mama. Alisukuma sanduku la komeo pembeni, akaitandaza karatasi kwenye kaunta.

"Hawa watu wanaingilia wapi?"

"Kwenye mfuniko, juu."

"Na yule bibi? Apande mpaka juu na darubini mkononi?"

Nikatoboa mlango ubavuni.

"Bawaba gani?"

"Za chuma, Mama."

"Za chuma nina aina sita hapa. Zinakaa nje au ndani? Mvua ikizipiga zikashika kutu, nani atawafungulia?"

Nikazihamishia ndani. Halafu akauliza choo kiko wapi. Nikamwambia Wapita Njia hawajawahi kuwa na choo miaka yote kumi na miwili. Akasema ndiyo maana wanasafiri sana.

Choo nimekiweka chini, katikati ya miguu minne.

Kuna jambo jingine, na sijui kama nimefanya vizuri. Mwalimu wa sanaa alitaka kila mtu aonyeshe alichochora likizo. Yule kiranja wetu tunayemwita Spika, kwa kuwa hazimiki, akachungulia karatasi yangu na kusema, "Mwalimu, huyu kachora mtungi." Wakacheka. Nikasema ni makao mapya ya Wapita Njia, kaka yangu ni mmoja wa wanaochagua, na msimu ukianza wataliona kwenye televisheni. Mimi, Kaka, ambaye kuitika jina asubuhi ni kazi. Mwalimu akasema basi siku hiyo tutatazama wote maktaba.

Kwa hiyo nimeshatoa neno langu pale. Niambie mkutano ni lini hasa, nani watakuwepo, na wewe utasema nini. Uniandikie maneno yenyewe.

Mdogo wako


24 Machi

Miwani,

Marahaba. Mimi mzima, kazi tu zimenibana. Samahani kwa kuchelewa.

Mkutano umefanyika. Wamelipenda. Shida ni ndogo, ni lile duara. Ukuta uliopinda unawasumbua wachoraji, kila ukigeuza upande unapinda vingine. Wanauliza kama tangi linaweza kuwa la mraba. Fikiria bila haraka. Masomo kwanza.

Kaka yako


30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima.

Tangi la mraba ni sanduku. Nimejaribu, usidhani sikujaribu. Nimechora kona nne, na hapohapo Mapacha wameshika mbili na Bibi Darubini amekwenda kununa kwenye ya tatu. Sauti hairudi. Kila mtu ana ukuta wake. Mtu anaweza kukaa mle mwaka mzima na asijulikane anawaza nini. Sasa kuna tofauti gani na nyumba nyingine yoyote?

Nilikuuliza nani watakuwepo, hukujibu. Nilikuuliza utasema nini, hukujibu. "Wanauliza" ni nani? Aliuliza kwa sauti gani? Wewe ulimjibu nini? Au ulikaa tu? Kaka, naona unanipiga danadana. Ukiniambia "una kichwa" halafu hunipi habari, huko ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nimelichora upya la duara. Huyo mchoraji anayeogopa mpindo mwambie asiogope, nimeuvunja ukuta vipande thelathini na sita vilivyonyooka. Anachora mstari mfupi, anageuza kidogo, anachora mwingine. Nimepima kila kimoja. Kwa jumla una kurasa zangu kumi na nne sasa. Nimekosa jaribio la jiografia kwa ajili ya hizi.

Mdogo wako


18 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mama anakusalimu na anauliza kama ulipata bahasha.

Msimu unaanza Ijumaa, tarehe tisa Mei. Wameshatangaza. Spika ananiuliza kila asubuhi, "Mtungi wetu haujambo?" Niambie ndiyo au hapana. Hata hapana nitaishika, nitajua nakwenda nayo vipi darasani.

Mdogo wako


10 Mei

Kaka,

Shikamoo. Afya ipo.

Jana tulikaa maktaba watu thelathini na wanane. Mwalimu aliniweka mbele. Spika akaninong'oneza kwa nyuma, "Leo ndiyo leo, Bi Tangi."

Likatokea basi. Basi la njano lenye mabawa, na mapazia ya maua madirishani. Bibi Darubini akasema, "Haya ndiyo makao yetu sasa." Konokono walimfunga kamba juu ya paa kama godoro.

Nikajiambia basi litatua kwenye tangi. Nikangoja. Halikutua popote, lilizunguka tu mpaka mwisho. Watu wakageuka kunitazama. Spika akainama kufunga kamba za viatu vyake. Mwalimu akasema, "Labda msimu ujao," wakaondoka.

Mimi nikabaki kusoma majina ya mwisho. Dukani hatujawahi kuyasoma, huwa mteja anaingia. Wachoraji wa mandhari ni wanne. Wewe si mmoja wao. Nikaendelea kushuka. Jina lako ni la kumi na saba, chini ya maneno "kusafisha mistari."

Mama ameniuliza hiyo ni kazi gani. Nimemwambia sijui. Akasema, "Kama ni kufagia, kufagia nako ni kazi. Mbona hasemi?"

Nina swali moja tu. Nani alilikataa tangi langu, na alisema nini?

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, kama bado unaniamkia. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Barua hii nimeianza mara nne.

Hakuna aliyelikataa. Hakuna aliyeliona.

Mikutano inafanyika ghorofa ya tatu. Mimi nakaa chini kabisa, kwenye chumba chenye meza kumi za kioo zenye taa kwa chini. Tunaletewa mchoro wa penseli wa mtu mwingine, umevurugika kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Tunaweka karatasi safi juu yake na kutoa mstari mmoja mahali pa ile mistari mingi. Huruhusiwi kuusogeza hata unywele. Msimamizi anapita na rula. Ndiyo kazi yangu, na naiweza. Lakini Desemba shangazi aliniuliza mbele ya watu, "Basi wewe ndiye mkuu wao kule?" nikasema ndiyo. Baada ya hapo neno moja likawa linaomba jingine.

Makao yalichaguliwa Novemba. Barua yako ya kwanza iliponifikia nilikuwa nasafisha madirisha ya lile basi. Yalikuwa mia mbili kumi na mawili, na mimi nilikuwa kwenye la tisini. Nikakusoma, nikakurudisha kwenye bahasha, nikaendelea na la tisini na moja.

Ile ya Mkurugenzi kutikisa kichwa niliitunga. Nimewahi kuzungumza naye mara moja, kwenye ngazi, aliponiuliza saa. Ya mraba nayo ni yangu. Nilitaka ukasirike uache. Nilisahau kwamba wewe ukikasirika ndiyo unachora zaidi.

Kurasa zako zote ziko kwenye droo yangu. Mwezi wa nne nilizichukua nikapanda nazo mpaka mlango wa ghorofa ya tatu. Nikasimama pale mpaka mtu akatoka na kuniuliza kama nimeleta maji. Nikasema hapana, nikashuka.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia mbele ya darasa lako. Sijui niseme nini zaidi ya hayo.

Kaka yako


11 Juni

Kaka,

Shikamoo. Kukuamkia sitaacha, hivyo ndivyo Mama alivyotulea, lakini usidhani yamekwisha.

Nimekasirika. Nilidhani nimelikasirikia basi, kumbe basi halina kosa. Nimekasirika kwa sababu nilikaa siku nzima nikivunja duara vipande thelathini na sita, kwa ajili ya mchoraji mwoga ambaye hakuwepo. Ungeniambia Februari "mimi nasafisha mistari" ningekuuliza maswali ishirini kuhusu hiyo meza yenye taa, na ningefurahi kweli. Sasa nitayauliza kwa hasira.

Mama nimemsomea barua yako yote. Alikuwa anahesabu parafujo na hakuacha kuhesabu. Nilipomaliza akasema yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia shangazi, wewe usitunge jingine.

Jumatatu nilisimama darasani bila kuitwa. Nikasema kaka yangu si mchoraji mkuu, tangi halikuonwa na mtu, na nilichosema mwezi wa pili hakikuwa kweli. Sauti ilitoka nyembamba mpaka Mwalimu akaniomba nirudie, nikarudia. Spika akauliza, "Sasa kusafisha mistari ndiyo nini?" Nikamweleza kama ulivyonieleza, kioo, taa, zile nywele za mtu aliyetoka kuamka. Mwingine akauliza mkono ukitetemeka inakuwaje. Sikujua. Nikasema nitakuuliza. Nilisimama mpaka kengele ikalia.

Mkono ukitetemeka inakuwaje?

Sasa nisikilize. Nirudishie kurasa zangu, zote kumi na nne. Wapita Njia wakae na basi lao. Kwenye tangi nitaweka watu wangu. Mpaka leo ninao wawili, na mmoja hapendi wageni. Mistari yangu ni michafu, umeiona. Nahitaji mtu wa kuisafisha, na namjua mmoja tu. Jina lako litakaa chini ya langu, kwa kazi unayoifanya kweli, si zaidi.

Usiniandikie ahadi. Ukurasa wa kwanza umo humu ndani. Ukiusafisha uurudishe kwa posta, na usipouweza uurudishe hivyohivyo. Ngazi ya tangi imepinda kushoto. Naiona. Usiinyooshe.

Mdogo wako