Mashine ya Kuchajia Magari Uani kwa Mama

Kotebe, Addis Ababa
Mwezi wa Tikimt

Gashe Yilma, kaka yangu,

Pokea salamu zetu huko Calgary, wewe, wifi yangu Eden na watoto. Natumaini baridi ya huko haijaanza kuwang'ata. Sisi huku tu wazima. Mvua zimekatika, maua ya njano yamejaa kando ya njia, na goti la Mama limetulia, ingawa kilima cha kanisani bado kinamtoa jasho. Mimi naendelea na ualimu wangu na kelele za watoto wa watu.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Mpwa wa Zenebech, jirani yetu, anasafiri kuja huko, nikamwomba akubebee. Tafadhali isome ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho.

Nadhani umeshasikia kwamba Mama ameweka mashine ya kuchajia magari ya umeme pale palipokuwa na gereji ya Baba. Huu mji umebadilika, kaka. Magari ya petroli hayaingizwi tena nchini, kila mwenye uwezo kidogo anatafuta la umeme, na akishalipata anahangaika pa kulichaji. Wenye teksi wanalala foleni. Wenye nyumba kubwa wanafungiwa mashine zao ukutani, mahoteli yanafunga za wageni, na sisi tulikuwa na kiwanja kitupu kando ya barabara kuu, kinaota majani juu ya madoa ya oili ya Baba.

Aliyemtia Mama wazo hilo ni fundi umeme mmoja anaitwa Melkamu. Alikuja mtaani kumfungia mashine daktari wa nyumba ya pili, akachungulia uani kwetu, akaomba maji ya kunywa. Maji yakawa kahawa, na kahawa unajua kwetu haiishii kikombe cha kwanza. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta amekaa kwenye kigoda cha Baba, anamwita Mama kwa lile jina la mapenzi, Etete, kana kwamba amezaliwa humu ndani, na Mama anacheka mpaka shuka ya begani inamdondoka.

Sikumpenda. Ana mdomo mtamu mno yule kijana. Nilimuuliza kwao wapi, akasema Debre Birhan. Nikamuuliza kwa nini ahangaike na mjane wakati mabwana wenye fedha wamejaa Bole, akacheka, akasema, “Dada, hao mabwana wana ukuta tu. Mama yako ana kiwanja.” Neno lile kiwanja lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikaanza kumchunguza. Alikuwa akitembea uani akihesabu hatua, akimuuliza Mama mpaka wetu unaishia wapi, mara mita iko wapi, mara ukuta huu ni wetu au wa jirani. Nikiingia sebuleni, yeye na Mama wananyamaza, halafu Mama anaanza kuzungumzia bei ya unga wa teff. Simu yake ikilia anaipeleka jikoni na kufunga mlango, yeye ambaye siku zote huongea na simu mtaa mzima ukasikia. Zenebech naye akanichochea. Aliniambia, “Wewe Tsigereda, wezi wa siku hizi hawarukii ukuta. Wanagonga mlango, wanakunywa kahawa yako, halafu wanakuachia risiti.”

Nilikwenda mpaka hoteli moja ambako Melkamu alisema ndiye aliyefunga mashine zao. Mlinzi alimsifu sana, kwamba ni mtu wa haki, kwamba alirudi mwenyewe bila kuitwa kubadilisha waya uliokuwa unapata moto. Unadhani nilitulia? Nilijiambia kwamba tapeli hodari ndiye anayesifiwa, kwa sababu wale wasio hodari wako jela.

Halafu Mama akaniomba hati ya nyumba. Alisema watu wa shirika la umeme wanaitaka ndipo walete laini yenye nguvu, kwa kuwa umeme wa taa na jiko hauwezi kuchaji magari. Nilimwambia siioni. Akasema, “Umeificha wewe, au imejificha yenyewe?” Kesho yake nilikwenda ofisi ya mtaa nikawaambia kuna mtu anachimba kwetu bila kibali. Wakaja wakasimamisha kazi mbele ya majirani, mtaro wa waya ukiwa wazi kama kaburi, na Mama amesimama pembeni na shuka imemfunika mdomo. Jioni hiyo alikula shiro yake peke yake. Kwetu sisi, kaka, unajua maana yake mtu kula peke yake.

Wakati wote huo wewe ulikuwa ukimpigia Mama simu kumwambia aje kwako apumzike, aone wajukuu, apimwe goti na madaktari wa huko. Nakumbuka nilivyokushukuru. Nilimwambia Zenebech kwamba angalau kaka yangu, pamoja na umbali wote, ndiye anayemtakia Mama mema, kwamba akishaondoka yule fundi atakosa wa kumlaghai.

Ikaja Jumapili. Mama alikuwa kanisani, mimi nilitoka mapema kwa sababu kichwa kiliniuma. Nafika nyumbani naona geti li wazi. Uani kuna wanaume wawili wana kamba ya kupimia, mmoja amevaa koti la ngozi, na Melkamu kasimama katikati yao wanabishana. Damu ilinipanda. Nikasema leo ndiyo leo, nimewakuta wanagawana. Nikafunga geti kwa kufuli, ufunguo nikautia kifuani, nikapiga yowe. Zenebech alitokea juu ya ukuta akiwa na mwiko mkononi, akawa anawaambia, “Pimeni, pimeni vizuri! Pimeni na kimo chenu, polisi watauliza!”

Melkamu alitaka kusema, nikamwambia anyamaze, mla kahawa za wajane. Yule wa koti la ngozi hakutishika. Aliniambia, “Dada, usijiaibishe. Sisi ni madalali, tumetumwa na mwenye mali. Huyu fundi ndiye anatuzuia, simjui hata anatoka wapi.” Nikamwambia mwenye mali ni mama yangu na yuko kanisani. Akacheka. Akatoa simu, akapiga, akabonyeza sauti kubwa, akanipa mkononi.

Kaka Yilma, Jumapili ile ulipopokea simu ya dalali ukasema haloo, haloo, ukasikia kimya mpaka ikakatika, aliyeishika alikuwa mimi.

Nilikusikia ukisema, “Mmemaliza kupima? Fanyeni haraka kabla hawajatoka kanisani. Na Tsigereda asijue, yule hana breki za mdomo. Mama akishapanda ndege mengine ni rahisi, atasaini akiwa huku.” Zenebech alisikia. Melkamu alisikia. Mimi nilifungua kufuli nikawaacha wale watu waende zao, nikakaa chini pale kwenye udongo wa mtaro na nguo yangu nyeupe ya kanisani.

Melkamu ndiye aliyeniletea maji. Nilimuuliza alijua tangu lini. Alisema madalali walikuja mara ya kwanza alipokuwa anatoboa ukuta, wakamwambia asipoteze nguvu, nyumba inauzwa, mwenyewe yuko Kanada. Akamweleza Mama, na Mama akamwapisha asiniambie, akamwomba awe anapita kuangalia uwanja tukiwa kanisani. Nilimuuliza mbona alivumilia matusi yangu yote yale. Akasema, “Etete aliniambia una hasira lakini zinaisha. Nikawa nasubiri ziishe.”

Mama aliporudi alitutazama tu akaelewa. Hakulia. Alisema maneno haya, nakuandikia kama alivyoyatamka: “Ninyi mko wawili tu. Ningekwambia, ungempigia ndugu yako ukamtukana, naye angekujibu, na siku nikifa mngepeana habari za msiba kupitia kwa watu. Ndiyo maana nikataka uwanja uwe na kazi. Yilma akiona unaingiza fedha yoyote, atakuwa na fungu la kungoja, aibu yake itaisha bila mtu kumwaibisha.” Halafu akaniuliza hati iko wapi. Nilikwenda kuitoa ndani ya gunia la teff, naye akaipangusa unga.

Kazi ilimalizika baada ya hapo. Nilirudi ofisi ya mtaa nikafuta maneno yangu, nikamwomba Melkamu msamaha mbele ya majirani wale wale. Laini imeletwa, mashine imefungwa kwenye nguzo ya zege penye kivuli. Gari la kwanza lilikuwa teksi ya mzee Tadele, aliyekuwa akimletea Baba lori lake. Alisimama akautazama ule waya, akasema, “Yaani baba yako Belachew angeona gari linakula bila kunuka!” Wenye magari wakingoja, Mama anawachomea kahawa. Umeme ukikatika wanakunywa zaidi.

Sasa nifikie lililonifanya nishike kalamu. Mama ameniomba nisikupigie simu, na sikupigii. Hakusema nisiandike. Anaamini uliponzwa na madalali, na kwamba ulimwalika kwa sababu unamkumbuka. Yale maneno yako ya ndege na saini hakuyasikia, mimi sikumwambia, na Zenebech nimemwapisha kwa jina la Mariam anyamaze, jambo ambalo kwake ni mateso makubwa. Mama bado anataka kuja. Amenunua viatu vya baridi, amekausha pilipili za berbere za kukuletea, na kila anayechaji gari anaambiwa habari za wajukuu wake wa Kanada.

Sijui una shida gani huko. Kama umefukuzwa kazi, kama benki inataka nyumba yako, sema, mimi ni ndugu yako, tutatafuta pamoja. Lakini miezi hii nilimshuku mtu asiye na kosa kwa kila alilofanya, mpaka kunywa maji, na wewe nilikuamini bila kukuuliza hata swali moja. Leo ndiyo nakuuliza, nalo ni hili tu. Mama akishuka pale uwanja wa ndege na kifurushi chake cha berbere, atapokewa na mwanawe, au na mtu mwenye karatasi na kalamu?

Usijibu kwa simu, naijua sauti yako ya kwenye simu. Andika, kwa mkono wako, umpe huyu huyu mpwa wa Zenebech akirudi. Mpaka nisome jibu lako, pasipoti ya Mama iko kwangu, na nimemwambia siioni.

Wasalimie watoto, wabusu mashavu yote kwa niaba ya shangazi yao. Msalimie Eden. Mama anakusalimu, anasema uvae vizuri, usijidanganye na jua la huko. Mungu akulinde, kaka yangu, na akupe moyo wa kunijibu.

Mimi dada yako,
Tsigereda Belachew