Sekunde Tisa za Mbamba Bay

Matiri, Mbinga
Ijumaa, tarehe 4 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi barazani hapo Suji, goti limepoa na mama ameshachoka kukugombeza kuhusu dawa. Mimi mwili ni mzima, chakula kinapita, baridi ya huku nimeizoea. Moyo ndio haujatulia. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi, lakini simu yako inasomwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako. Kuna jambo nimelifanya, na kesho saa saba mchana litajulikana.

Unamkumbuka Mzee Edmund, baba mwenye nyumba ninakopanga. Huyu alikuwa mkaguzi wa mizani za vyama vya kahawa, akizunguka na kilo yake ya shaba kutoka huku mlimani hadi Mbamba Bay ziwani. Katika kuzunguka huko aligundua kwamba kilo ileile, kwenye mizani ileile ya springi, inazidi kidogo ikifika ziwani. Kisha akaibeba saa yake ya ukutani, ile ya misheni yenye kijiti cha mti na bamba la shaba linalobembea, akakuta nayo ikifika ziwani inakimbia, sekunde tisa kwa siku. Mtu mwingine angesema haya ni mambo ya vyombo na kwenda kulala. Yeye akajaza madaftari kumi na moja.

Nadharia yake ni hii. Anasema nafasi haipo. Matiri na Mbamba Bay si sehemu mbili, ni mwendo wa aina mbili wa muda, na sisi tunauita umbali kwa kukosa neno. Muda unateremka kutoka milimani kama maji ya mvua, na uzito ni ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo wanachimba kwenye miteremko ili maji yasikimbie na udongo. Kitu kizito ni shimo lililojaa muda. Huku juu muda unazuiwa, ziwani unamwagika. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka, na nakiri nilicheka vibaya, maana nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia na nilijiona naijua dunia yote.

Nilimweleza kwamba ziwani tuko karibu zaidi na kitovu cha dunia, kwa hiyo mvutano ni mkubwa kidogo, kilo inavutwa zaidi na pendulamu inabembea haraka zaidi. Muda wenyewe haujali. Nikamwonyesha saa yangu ya mkononi, ile uliyoninunulia nilipohitimu, kwamba haibadiliki juu wala chini. Akanijibu kwa upole kwamba saa iliyofungwa mkononi inafuata damu ya aliyeivaa. Tukabishana hivyo mwaka mzima, yeye na madaftari yake, mimi na ukali wangu, na mkewe Mama Walburga akitumiminia chai na kutuambia kwamba tukimaliza kuitengeneza dunia tusisahau kuingiza kuni.

Mwezi Machi Mama Walburga alianza kuvimba miguu. Moyo umepanuka, wakasema hospitali, na mwezi Mei wakasema kwa adabu kwamba turudi naye nyumbani. Yeye ni Mnyasa wa Mbamba Bay, aliolewa huku miaka arobaini na mmoja iliyopita. Hakulia. Alitaka kitu kimoja tu, ateremshwe kwao akae na dada yake Aurelia, ale usipa wabichi, wale dagaa wa kwao, na aweke miguu majini kabla hajafa.

Mzee Edmund alikataa. Alisema ziwani siku zinakimbia, na mgonjwa hana hata sekunde moja ya kugawa. Mtu mpole yule, baba, ambaye hamfokei hata mbuzi akiingia kwenye mahindi, alisimama mlangoni na kusema mkewe hatatoka. Alikuwa anampenda, ndiyo shida yenyewe. Mama Walburga akageukia ukutani, na kwa siku mbili hakuongea na mtu.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia mzee kwamba mimi na yeye tuteremke na ile saa tuipime pamoja. Akafikiri, akakubali kwa masharti: ikiongeza hata sekunde moja, mkewe habanduki, isipoongeza, atampeleka mwenyewe. Shule ilikuwa imefungwa. Tukateremka na saa imefungwa kwenye blanketi, nimeipakata kama mtoto mchanga, tukaitundika sebuleni kwa Mama Aurelia, mzee akailinganisha na milio ya redio ya saa saba. Siku mbili zilizofuata, saa saba kamili, akailinganisha tena. Haikuongeza hata sekunde.

Mzee aliinuka kwenye kigoda. Kisha akaagiza gari, na siku ya tatu Mama Walburga alikuwa ufukweni kwao, ameshikwa kwapa huku na huku, miguu ndani ya maji, anacheka na kunirushia maneno ya Kinyasa ambayo Mama Aurelia alikataa kunitafsiria. Alikula usipa kila mlo. Alikaa siku nne. Asubuhi ya tano hakuamka. Tukampandisha, tukamzika hapa Matiri nyuma ya kahawa.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha niandike. Wewe, baba, ulifundisha hesabu miaka thelathini na mbili, na nilipokuwa kidato cha pili ulinichapa kwa sababu nilirekebisha kipimo cha maabara ili kifanane na cha mwenzangu. Ulisema kipimo ni kiapo. Siku ile tulipofika Mbamba Bay, mzee alipotoka kwenda kusalimia wakwe, saa ikiwa imeshatundikwa, nilifungua kioo chake. Chini ya bamba la shaba kuna nati ndogo. Ukiilegeza bamba linashuka, saa inapunguza mwendo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kabla ya safari, na plaizi nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikaizungusha kidogo mno, chini ya robo mzunguko. Saa haikuongeza kwa sababu niliizuia mimi.

Ningeishi na hilo. Ninachoshindwa ni hiki: tangu msiba, kila anayekuja kutoa pole anaambiwa na Mzee Edmund kwamba hakumpunguzia mkewe hata sekunde, Mwalimu alipima. Analishika neno hilo kama fimbo ya kutembelea. Na Jumapili iliyopita Mama Aurelia aliirudisha saa, ikatundikwa pale pale. Nati ikiwa nilivyoiacha, huku juu saa itachelewa sekunde tisa kila siku, na kesho Jumamosi saa saba ndipo anapoilinganisha na redio. Akiona imechelewa atajua. Na kwa nadharia yake, akijua tu, ataamini kwamba alimuua mkewe kwa kumteremsha.

Naweza kuirudisha nati leo akiwa shambani, asijue milele. Lakini lazima iwe kabla jua halijazama, maana Sabato ikiingia sitashika kazi. Cheka tu, baba. Mtu ameshadanganya mgonjwa na mume wake, halafu anaogopa kushika plaizi siku ya Sabato. Naiacha barua hapa, naenda sebuleni.

Nimerudi. Utanisamehe mwandiko, naandika haraka.

Nilifungua kioo nikiwa na plaizi. Nati iko mahali pake, kwenye alama ya zamani aliyoikwaruza yeye mwenyewe. Nilitazama mara tatu. Kisha nikaona daftari juu ya kabati, nikalifungua bila ruhusa. Ameandika Jumapili ileile saa ilipofika. Mpumbavu mimi! Nilimdanganya mkaguzi wa mizani, mtu ambaye hajawahi kutundika chombo bila kwanza kukagua alama. Ameandika hivi, nanukuu yote: “Nati ilishushwa. Ziwani bado ni sekunde tisa. Siku nne, sekunde thelathini na sita. Walburga alizitumia miguu ikiwa majini.”

Hivyo alijua tangu Jumapili, na nati aliirudisha mwenyewe. Jumatano, mbele ya wageni wa parokiani, alirudia kwamba Mwalimu alipima, na akanitazama, nami nikainamisha kichwa nikidhani ni huzuni. Na jambo linaloniumiza zaidi ni dogo: katika mabishano yetu yote, mimi mwalimu wa fizikia sikuwahi kuzidisha tisa kwa siku zozote, ziwe nne au thelathini. Nilipigania mvutano wa dunia, na sikumwambia kwamba hata kwa nadharia yake mwenyewe, alichokuwa anamnyima mkewe ziwa kwa ajili yake hakifiki dakika tano kwa mwezi mzima.

Alinikuta nimesimama pale na daftari mkononi. Niliomba msamaha, nikalia kabisa. Mzee aliweka jembe chini, akasema naye aliogopa kuzidisha, alijua hesabu itampa jibu gani, na mtu aliyeogopa hataki jibu. Akaongeza kwamba nikitaka kuigusa nati ile siku nyingine nimwombe spana yake, maana kwa plaizi nimeikwaruza. Sasa yuko jikoni anawasha moto, anaupuliza vibaya, na mimi nakwenda kumsaidia kabla jua halijazama.

Msalimie mama, na wadogo zangu wote, na majirani wanaoniulizia. Goti lifungwe kitambaa cha moto. Fimbo ya kidato cha pili naistahili tena, sikatai. Ila kabla hujanikasirikia, baba, tazama saa yako ya ukutani uhesabu sekunde thelathini na sita, polepole, bila kufanya kitu kingine. Mimi nimehesabu sasa hivi. Ni nyingi kuliko nilivyodhani.

Mwanao akupendaye,
Asnath