Kanga za Kununa

Jumatatu, 2 Desemba
Ripoti za darasa la tatu, zimebaki thelathini. Mkono unauma. Maji hayajatoka tangu Ijumaa, nimenunua madumu mawili. Baba Rashidi amesema chai ni chungu. Nimemwambia anywe maji, kama atayapata.

Mchana mzigo umefika. Kanga za sare, doti kumi na nne, niliziagiza mtandaoni kwenye duka moja la Dar es Salaam. Ni za kuvaa sisi wanawake wa Newala tukienda Lupaso kumchukua mchumba wa Rashidi wangu, Jumamosi ya tarehe 21. Nyekundu na njano, kama pichani. Jina lake nililichagua mwenyewe: ASANTENI WAZAZI KWA MALEZI MEMA. Mama Zaituni, yaani mama wa huyo mchumba na mkwe wangu mtarajiwa, ni mtu wa kusoma kila kitu. Barua yetu ya kwanza ya posa aliirudisha kwa sababu niliandika Zaitun bila i. Mimi, mwalimu wa miaka ishirini na sita. Safari hii hatapata pa kunishika.

Sijafungua mzigo. Kesho tutafungua pamoja na wenzangu. Nina furaha ya kitoto kabisa.

Jumanne, 3 Desemba
Tumefungua. Wamekuja saba, tumepika ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, tumekaa ukumbini. Mama Sofia, jirani yangu na kiongozi wa kikundi chetu, ndiye aliyekunjua ya kwanza. Akasoma kwa sauti.

NUNENI MTAKAVYO TUMESHAMCHUKUA.

Wote wakaanguka kwa kucheka. Mama Sofia alilala chini akashika tumbo. Mama Abdu alitoka nje kabisa.

Sikucheka. Nimekunjua ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na nne. Zote zinasema vilevile. Rangi ni hiyo hiyo, pambo ni hilo hilo, jina ndilo lingine. Niende nayo kwa wakwe, nisimame uani kwao, nimeandikwa hivyo kiunoni? Mwanamke aliyerudisha barua kwa sababu ya herufi moja?

Nimeudhika sana. Ming'oko yote wameimaliza wao.

Jumatano, 4 Desemba
Nimeliandikia duka. Nimeeleza kwa adabu, aya tatu. Wamejibu haraka, nikafurahi: "Habari mpendwa mteja, rejesha bidhaa kwa wakala wetu wa Masasi." Jina chini ni Neema, Huduma kwa Wateja. Hata shikamoo hakuna, lakini sawa.

Nimezikunja zote upya, mstari kwa mstari, nimezipiga na pasi. Zimekuwa nzuri kuliko zilivyokuja. Kesho zinashuka na basi.

Ijumaa, 6 Desemba
Shule imefungwa. Wakala wa Masasi amepiga, mzigo ameupata, leo unaondoka kwenda Dar. Mtu mpole. Anaitwa Bwana Issa, anauza pia vipuri vya baiskeli.

Mtoto Halima wa darasa langu amesoma ukurasa mzima mbele ya wazazi bila kukwama. Januari hakujua herufi hata moja. Nimelia kidogo, nimesingizia vumbi.

Jumanne, 10 Desemba
Wamekataa.

"Habari mpendwa mteja. Bidhaa iliyokunjuliwa haistahili kurejeshewa fedha." Basi. Sentensi moja.

Nimeisoma mara nne. Kanga ina jina ndani ya mkunjo. Usipoikunjua hulioni. Ukishaliona umeshaikunjua. Nimemwandikia Neema hivyo hivyo, kwa herufi kubwa.

Jumatano, 11 Desemba
Neema amejibu kwamba mteja alichagua rangi na idadi, na kwamba "maandishi ni sehemu ya pambo."

Sehemu ya pambo. Basi na jina langu mimi ni sehemu ya sura.

Nimerudi kule dukani kwenye simu nikaangalia vizuri. Kweli, pa kuchagua rangi papo. Pa kuchagua idadi papo. Pa jina hapapo. Nililiona jina pichani nikadhani nimelinunua. Anayeuza kanga bila kuuliza jina hajawahi kugombana na wifi.

Nimejibu kwa aya tano. Pia nimemsahihishia neno moja, aliandika "tafazali." Nimejisikia vizuri kwa muda wa dakika kumi hivi.

Jumamosi, 14 Desemba
Kikao cha wanawake. Nimewaeleza: kanga ziko Dar, hela ziko Dar, na sisi tuko hapa. Michango ilitoka kwenye korosho zao, wengine walikuja nayo kutoka Chilangala kwa miguu. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto. Nilitegemea anilaumu hata mmoja, nipate wa kugombana naye. Hakuna. Mama Sofia kasema kila mtu avae alichonacho, harusi haiozi kwa nguo.

Lakini najua tutakavyoonekana. Watu kumi na wanne, rangi kumi na nne, kama abiria walioshushwa njiani. Na Mama Zaituni amesimama mlangoni anatusoma.

Sitaki Zaituni aanze maisha kwetu huku mama yake anatudharau. Hilo ndilo linaloniuma, si hela. Hela nazo zinaniuma.

Jumatatu, 16 Desemba
Nimepiga simu dukani. Neema yupo, ni mtu, si mashine. Binti mdogo kwa sauti. Kaanza na shikamoo mwalimu, nikalegea wakati nilikuwa nimejipanga kuwaka. Kasema ameomba mara mbili kwa wakubwa zake, wamegoma. Mzigo unarudishwa kwangu, nitaukuta kwa wakala Masasi.

Kisha kashusha sauti: "Mwalimu, lakini zile kanga mimi nazipenda." Nimekata simu. Baadaye nimecheka peke yangu jikoni.

Jumatano, 18 Desemba
Nyumba imejaa. Mashangazi wa Mnyambe wamefika na kuku, mihogo na maneno. Rashidi hali, anajaribu kanzu kila saa. Babu yake kamuuliza kama anaoa au anachaguliwa kuwa shehe.

Baba Rashidi ameanzisha hoja mezani. Kwamba Zaituni ni Mmakua, sisi Wamakonde, tu watani wa tangu zamani. Mtani unamchukulia kuku wake mchana kweupe na anakuaga vizuri. Kwa hiyo kanga zile ni halali yetu.

Nimemjibu kwamba mtani akishakuwa mkwe, ukwe unafunika utani. Mkwe unamwinamia, humtanii. Mashangazi wakagawanyika. Wa upande wangu watatu, wa upande wake wanne, na mmoja anakula tu. Hawajamaliza mpaka sasa.

Ijumaa, 20 Desemba
Bwana Issa kapiga. Mzigo umefika, na ana nafasi ndogo, tuuchukue. Kesho gari letu la kukodi litapita hapo hapo Masasi kwenda Lupaso. Nimesema sawa, utakaa chini ya kiti mpaka turudi nyumbani. Nitaanza kudai upya Jumatatu.

Nimepiga pasi gauni langu la bluu.

Jumapili, 22 Desemba
Jana sikuandika. Nilikuwa sina mikono, sina sauti.

Masasi tuliuchukua mzigo. Nikakaa mbele na dereva. Tulipotoka mjini nikasikia nailoni inachanika nyuma. Nikageuka. Mama Sofia na wembe, anakata doti katikati, anagawa. Nikasema acheni. Wakaimba kuzidi sauti yangu. Nimepinduliwa ndani ya gari nililolikodi mwenyewe.

Wakanirushia na yangu, haijakatwa. Nimeishika magotini njia nzima. Nilijua nikiivaa nimekubali. Nilijua pia nikishuka na bluu yangu mbele ya wanawake kumi na watatu waliovaa sare, nitakuwa nimewakana. Walichanga kwa ajili ya mwanangu.

Kona ya mwisho kabla ya Lupaso nikajifunga. Nzima vilevile, bila kuikata, mkunjo juu ya mkunjo, kwa sababu moyoni bado nilikuwa nadai. Nilitembea kama nimevaa godoro.

Wametupokea kwa vigelegele uani. Kisha vigelegele vikapungua, kimoja kimoja, jinsi walivyokuwa wanasoma. Mama Zaituni alisimama mbele. Nikamuona anasoma pindo langu kutoka mwanzo hadi mwisho, midomo inacheza. Akarudia. Nilimpa shikamoo ingawa ni rika langu.

Badala ya kuitikia akasema neno moja la Kimakua, fupi. Wanawake wote wa upande wao wakaondoka, wakaenda kukaa mlangoni mwa nyumba aliyomo bibi harusi. Wamebanana, wamevimbisha mashavu, macho chini. Yeye katikati.

"Mmetuambia tunune," akasema. "Tunanuna. Mnayemtaka yumo ndani, na mlango ndio sisi."

Nilimuona Rashidi na kanzu yake, jasho mpaka kwenye kola. Nikawaza, nimemharibia mwanangu kwa kanga. Nilitamani kuliburuta lile duka zima, na mabosi wake, mpaka pale uani waone.

Halafu nikamuona bibi mmoja pembeni kabisa, mzee sana, mashavu yamejaa pumzi, mabega yanatikisika. Anazuia kicheko. Ndipo nikaelewa. Ni utani. Na kazi yetu ni kuwachekesha, tusipoweza tunalala pale.

Mama Sofia akatangulia, kacheza mpaka kilemba kikadondoka. Wakacheka wawili, wakatolewa pale mlangoni. Mama Abdu akaiga jogoo. Wakacheka watano. Wa Chilangala wakamwigiza Rashidi anavyojaribu kanzu. Wakabaki wachache, kisha wakabaki watatu, kisha Mama Zaituni peke yake, kama jiwe. Akanitazama. "Mwalimu bado."

Sijui kucheza. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mkoba nikatoa kalamu nyekundu. Nikamwinamia kama ninavyowainamia watoto madawatini, nikamkagua shavu la kulia, nikamkagua shavu la kushoto. Nikasema kununa kwake ni kuzuri, nampa tisa kwa kumi. Maksi moja nimeikata kwa ajili ya ile herufi i.

Alijikaza. Nikaona pua inatanuka. Kisha ikamtoka sauti ambayo sikujua anayo, akalia kwa kucheka, akanishika mabega asianguke. Tumecheka wote wawili tumeegemeana kama walevi. Uani kote vigelegele. Ndoa ilifungwa na shehe wa watu ambaye alikuwa bado anafuta macho.

Kabla ya kutuachia Zaituni, mama yake alidai faini ya mtani. Nikauliza nini. Akashika kanga yangu kiunoni, akaikunjua yote, akaona haijakatwa. Akaitia meno pindoni, akaipasua katikati mbele ya watu wote. Kipande kimoja akajifunga yeye. Kingine akanifunga mimi, kwa mikono yake, akavuta fundo likakaza.

Kwa hiyo Baba Rashidi alishinda ile hoja. Nimemwambia asinitajie tena mwaka huu. Kanitajia mara sita.

Jumatano, 25 Desemba
Mvua ya kwanza ya maana. Nimejaza kila chombo, mpaka bakuli. Jirani zetu Wakristo wametuletea pilau, tumewapelekea maandazi.

Zaituni ameamka mapema kuliko mimi, kafagia uani. Nimemwambia apumzike, ni bibi harusi. Kasema mama yake kamwagiza afagie mpaka ufagio wetu uishe, ili tununue mwingine. Tayari ameanza utani. Nimempenda.

Jumatatu, 30 Desemba
Jua limetoka. Kimya kizuri, wageni wote wameondoka.

Ujumbe kutoka dukani. Neema ameandika mwenyewe, na shikamoo mbele. Wakubwa zake wamekubali. Mwaka mpya wanaweka pa kuchagua jina. Na hela zangu zitarudi zote, nikirejesha doti kumi na nne, kamili.

Nilikaa nayo simu mkononi. Mwezi mzima nimeutafuta ujumbe huu. Ningekuwa na nguvu ningeruka. Nimewauliza wenzangu kwa zamu, nisije nikawaamulia. Hakuna anayetaka kurudisha. Mama Abdu yake anabebea mjukuu. Mama Sofia aliivaa sokoni juzi, wanawake wawili wamemsimamisha kuuliza alikoipata.

Nimemjibu Neema kwamba nashukuru, haitawezekana. Kumi na tatu hazitaki kurudi. Ya kumi na nne ni nusu tu huku kwangu. Nusu nyingine iko Lupaso, anaivaa mkwe wangu.

Jioni nimeanua nguo. Yangu ilikuwa imeshakauka. Nimeikunja, ndogo hivyo, kipande kimoja, nikaiweka juu kabisa kabatini ambapo mkono unafika haraka.