Majina Yasiyoitika

Palma, Jumanne

Wallahi sikufuta kitu. Asubuhi ofisini nilisasisha mfumo endeshi wa Linux na programu ya seva yenye majina ya watu watakaohamishwa kupisha mradi wa gesi. Tangu hapo, nikitafuta jina, kompyuta inasema halipo. Nikifungua orodha nzima, lipo.

Jirani yetu Bi Somoe alikuja kuulizia nyumba yake mpya. Jina lake nalo halikuonekana.

"Labda unaniita kwa sauti ngeni, mwanangu," alisema. "Hata mimi siitiki sauti nisiyoijua."

Nilicheka. Kumbe Linux mpya inapanga herufi vingine, na kompyuta ilikuwa ikitafuta kwa mpangilio wa zamani. Nikajenga upya faharasa inayotumika kutafutia majina, jina lake likatoka. Lakini wale waliomtangulia, niliowaambia hawamo, walishaenda zao...

Jioni hii mama ameniita kutoka uani, mara mbili. Nilishafungua mdomo niitike, ndipo nikakumbuka yuko safarini, mbali huko Diaca, tangu Ijumaa.