Pikipiki Iliyokunywa Maji

Jumatatu, 4 Machi

Mteja wetu wa zamani, Kipara, ameleta pikipiki yake ya majini. Ile ya kuendesha umesimama. Anasema siku hizi inazama nyuma kama amempakia mama mkwe. Tulijaribu kuinyanyua watatu — wapi! Baba akaigonga tumboni kwa kidole, akatega sikio, akasema imekunywa. Ndani ya bodi kuna povu gumu la kuifanya ielee, na povu likizeeka linafyonza maji kama godoro lililosahauliwa mvuani. Dawa ni moja tu: kupasua, kuchimba povu lote, kukausha, kumimina jipya.

Alieleza yote hayo bila kutafuta neno hata moja. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Jioni kaka alipiga simu. Nikamwambia kuna kazi kubwa, na Baba ndiye anaishika. Akasema haya, hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Baba akiimaliza salama, abaki karakana. Akiharibu, anamchukua akakae kwake, mji mwingine, na hapa tunafunga. Nikasema sawa. Sijui nani alinituma niseme sawa!

Jumatano, 6 Machi

Tumechimba kutwa. Povu linatoka jeusi, linanuka maji yaliyolala. Ukilikamua linatiririka kama tambara la deki. Vumbi la faibaglasi limeniingia mpaka kwenye nyusi, najikuna kama kuku. Baba mzima kabisa — anaimba, anatania, anasema nashika patasi kama kijiko.

Saa nne akauliza mama yuko wapi, mbona chai inachelewa. Mama tulimzika mwaka juzi. Nikasema ametoka kidogo. Aah, akasema, akaendelea kuchimba.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya kukausha. Feni mbili zinapuliza ndani ya bodi. Baba alitafuta miwani asubuhi nzima. Ilikuwa kwenye friji. Tumecheka wote wawili. Mimi nikaenda kumalizia chooni, nalia.

Jumanne, 12 Machi

Leo povu jipya. Dawa mbili, unachanganya haraka kwenye kikombe, unamimina kidogo, unasubiri liumuke na kukauka. Ndipo unamimina tena. Ukizidisha, linakosa pa kwenda. Hilo nilifundishwa na Baba kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Nyuma — safi. Katikati — safi. Mbele kulibaki kikombe kimoja tu, Baba akakimimina mwenyewe. Mkono haukutikisika! Nikamwambia nafunga tundu la kumiminia nikirudi. Nikatoka kuongea na mtu anayetuuzia matangi ya mafuta, pale getini. Sikukaa.

Nimerudi namkuta anajifuta mikono, ametulia, tundu ameshalifunga kwa ubao na skrubu zote. Nimeshamimina, mama, akaniambia. Ananiita mama, nimerithi jina la mama yake. Nikatazama mezani. Vikombe vipya, vimelowa dawa. Vinne.

Hata kupumua sikuwahi. Bodi ilivimba tunaiona. Ikalia kraaa! Ikapasuka kuanzia kwenye mpini mpaka katikati, na povu likawa linachomoza kwenye ufa, polepole, halina haraka na mtu.

Baba aliliangalia mpaka likaacha kukua. Akauliza ni nani aliyefanya ujinga huu. Hakuwa anatania.

Nikasema ni mimi.

Kaka anakuja kesho kuikagua kazi. Ee Mungu.

Jumatano, 13 Machi

Naandika hapa hapa karakana, nimekalia tangi lililopinduliwa. Lazima niandike la sivyo nitapiga kelele.

Kaka alifika asubuhi. Hata salamu hakumaliza, akaona ufa. Nani amemimina? Mimi, nikasema, nilikuwa na haraka, nikazidisha. Akaamini! Au alitaka kuamini. Akaanza kunifokea — mtu mzima na akili zangu, miaka yote hii karakana, kumbe anayeharibu kazi ni mimi na mzee wa watu anasingiziwa bure. Nikainamisha kichwa. Moyoni nashangilia. Nifokee, kaka yangu, nifokee mpaka jioni!

Baba ndiye aliyeingilia. Akamshika kaka bega, taratibu, kwa ile sauti yake ya kutuliza wateja.

"Bosi, usimfukuze," akasema. "Huyu dada ni mgeni, ndiyo kwanza anaanza. Ana mkono mzuri, atajifunza. Hata binti yangu alipasua ya kwanza, na sasa ananishinda mimi. Subiri kidogo, atakuja umwone."

Kaka alinitazama, midomo inamcheza kama mtoto. Kisha akatoka. Yuko nje ya mlango, namsikia anamwambia mkewe kwenye simu aandae kile chumba cha nyuma. Leo, anasema. Siyo wiki ijayo, leo.

Baba hajasikia. Ameinamia bodi, anapima ufa kwa shubiri. Ameniita nimpelekee patasi anionyeshe kazi inavyoanza, eti nisiogope, kila fundi amepitia. Akaniuliza naitwa nani.

Nimemtajia. Amefurahi mno — hata binti yake, anasema, anaitwa hivyo hivyo.

Ananiita tena. Patasi hii hapa mkononi.