Hundi Yako Iko Kwenye Banda la Kuku

Baba Wahu,

Sianzi kwa kukujulia hali. Ulipo napajua, maana udongo nilitupa kwa mkono wangu. Na hali yangu mimi ni moja tu, nimekasirika. Nimekasirika tangu wakati wa kupanda viazi, na sasa viazi vimeshavunwa na kuuzwa na hasira bado ninayo. Watu wa hapa Nyeri mjini wamechoka na uso wangu. Mama Wahu ndiye aliyeniambia nikuandikie. Alisema, "Wewe kila Jumapili unakuja kwangu unaongea na yeye. Si umwandikie tu, mimi nipumzike."

Nianze na ile hundi.

Unaikumbuka? Ile hundi ya kupigiwa picha, bodi nyeupe iliyotaka kuwa na ukubwa wa mlango, jina lako katikati na nembo za wafadhili kila kona. Wale watu wa kamati ya wanahabari waliileta tena siku ya mazishi yako. Ileile! Hawakuwa wameitupa. Walichofanya ni kubandika kijikaratasi mbele ya jina lako, kimeandikwa "Marehemu", na hata kukibandika vizuri kuliwashinda, kilikuwa kimekaa upande. Mwenyekiti wa kamati yao ya hisani, yule wa suti ya kijivu, akasimama kando ya kaburi akaeleza jinsi wanahabari wanavyojaliana. Mama Wahu akaambiwa ashike upande mmoja wa bodi. Akashika, lakini uso aliugeuzia shamba la kabeji, na picha yote waliyoipata ni ya kitambaa chake cha kichwa.

Pesa zilikuja, siwezi kudanganya. Zililipa jeneza na chakula cha waombolezaji. Pesa zilizokuwa zikusafishe damu, figo zako zilipogoma, zililisha watu wali na nyama, na wengine wakaomba kuongezwa. Nilikaa pale na sahani yangu magotini mpaka nyama ikapoa.

Bodi yenyewe waliiacha. Mama Wahu ameikata kwa msumeno akazibia dirisha la banda la kuku, upande ule unaopigwa na upepo wa mlimani. Jina lako limetazama ndani, kuku ndio wanalisoma. Cheka basi. Mimi nilicheka mpaka nikaanza kulia, na Mama Wahu akanitazama kama mtu anayefikiria kuniitia pasta.

Nataka ujue yale niliyokuficha ulipokuwa mgonjwa. Nilimpigia simu mhariri kule Nairobi. Umewapigia picha tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mafuriko, moto wa msituni, kampeni, maandamano ya wakulima wa kahawa, kila kitu kilichotoka huku kwetu kikaonekana kwenye televisheni yao kilipitia begani mwako. Alinisikiliza vizuri, alikuwa na adabu. Kisha akaniambia kwamba wewe hukuwa mfanyakazi wao. Ulikuwa unawauzia picha, ati, kama mtu anavyouza maziwa. Nikamuuliza kuhusu bima. Bima ni ya walioajiriwa, akasema. Ripota aliyesimama mbele ya kamera yako alikuwa nayo, wewe uliyeshika kamera hukuwa nayo. Gari lenu lingepinduka njiani, yeye angepelekwa hospitali ya maana na wewe ungeachwa ukitafutiwa mtu wa kukulipia. Nilimtukana, Baba Wahu. Nilimtukana kwa Kikuyu, yeye si Mkikuyu, lakini nafikiri alielewa.

Ndipo nikaiandikia kamati ya hisani ya wanahabari. Walipojibu kwamba wamekubali kukulipia nilikuja mbio hadi hospitalini, nikakukuta umefungwa kwenye ile mashine ya damu, nikakushika mguu maana ndio uliokuwa karibu. Ulisema, "Kumbe bado kuna watu." Ulifurahi. Usinikatalie, niliona ulivyofurahi.

Halafu wakaja Endarasha, nyumbani kwako.

Walivaa zile fulana zao zenye nembo juu ya makoti, kwa sababu ya baridi, wakaonekana wamefura kama magunia. Tulikuwa tumekutolea kiti cha sebuleni nje ukae kwenye jua. Mama Wahu alikuwa amewapikia chai. Hata hawakuigusa kwanza. Mpiga picha wao aliyetoka Nairobi akaweka stendi yake, akakutazama, akasema, "Mzee, hebu lala kidogo uonekane mgonjwa." Ukakaa vilevile. Akasema uvue kofia. Akasema ufungue shati kidogo, ule mrija wa shingoni uonekane.

Ulimwangalia yule mtu kwa muda, bila hasira. Ulimwangalia jinsi ulivyokuwa ukiangalia anga kabla hatujatoka kazini, kujua kama mvua itatupata. Kisha ukamuuliza mwenyekiti, "Na nikikataa picha?"

Mwenyekiti akacheka. Akasema wafadhili lazima waone. Bila picha hakuna ripoti, na bila ripoti hakuna pesa.

Ukanigeukia. "Nyaguthii, enda ufunike hiyo kitu."

Nikaenda. Nikaweka kiganja changu juu ya lenzi ya mtu mwingine, jambo ambalo wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba halifanywi hata kwa adui. Nikakaa hivyo mpaka wakakunja stendi. Waliondoka na bodi yao. Haikuingia vizuri kwenye gari, ilitokeza nyuma, na tuliitazama ikiyumba mpaka ikapotea kwenye vumbi. Mama Wahu akamwaga chai.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapotaka kukukamata shati. Kwa nini ulinituma mimi? Najua mkono wako haukuwa na nguvu. Lakini mkono uliozuia ile hundi ni wangu huu ninaokuandikia nao. Ulikosa kusafishwa damu mara ya kwanza, ukakosa tena, ukavimba miguu, ukaanza kuongea mambo ya mama yako kana kwamba yuko jikoni. Ulienda na heshima yako yote, hakuna aliyeigusa. Mama Wahu amebaki bila mume, Wahu ameolewa bila baba wa kumsindikiza, na mimi nimebaki na huu mkono. Shati si lilikuwa na vifungo? Ungefungua kimoja, wapige, walipe, ufunge. Nimelirudia hilo mara nyingi hata aibu ya kulisema imeniisha. Nimekukasirikia kuliko nilivyomkasirikia mwenyekiti. Yeye ni mtu wa suti tu. Wewe ulikuwa mtu wangu.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba najua ulikoitoa heshima hiyo. Uliitoa Doldol.

Nilikuwa mwanafunzi wako mpya, nabeba betri na kukanyaga nyaya. Ulikuwa wakati wa kiangazi, mheshimiwa amekuja kugawa unga, na wewe ulikuwa umekosa picha kwa sababu mlinzi alipita mbele ya kamera. Ukamwambia mama aliyekuwa amepokea, kwa ile sauti yako tamu ya kazini, "Mama, rudisha unga kidogo, tupige tena." Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kila mahali. Watu walirudisha, wakapokea upya, wakatabasamu upya. Yule mama hakurudisha. Alikuangalia, akauangalia ule unga, akaukumbatia kifuani na shanga zake zote, akageuka akaenda zake. Akaenda tu! Mheshimiwa akabaki ameshika hewa. Ulicheka mpaka Nanyuki. Tulipokaribia Nyeri ukasema, "Hatutaambia mtu arudishe tena." Na hatukumwambia mtu tena. Mara ngapi tulipoteza kazi kwa sababu ya hilo? Wenzako walikuwa wanakucheka, wanakuita mchungaji.

Basi, nimefika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Mutahi ameugua. Mutahi wako wa redio ya Kerugoya, yule aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo asubuhi kwa sauti inayomfanya mtu aache kukamua ng'ombe asikilize. Hata lako alilisoma yeye, akakwama katikati, wakalazimika kuweka wimbo. Amepigwa na kiharusi. Upande mmoja umelala, mdomo umepinda, na sauti ile imeenda. Naye ni kama wewe, miaka yote hiyo redioni na hakuwa mwajiriwa wa mtu. Daktari alikuwa ameshamruhusu aende nyumbani, lakini hospitali haikumwachilia kwa sababu ya bili. Mkewe alikuwa akilala kwenye benchi.

Na kamati ikanipigia simu. Mimi! Mpiga picha wao wa Nairobi alikuwa na kazi nyingine, wakaambiwa kuna msichana Nyeri ana kamera nzuri. Hawakujua ni yule aliyewafunikia lenzi. Nilitaka kuwatukana, nikajizuia, maana nilijua mambo mawili. Nikikataa, watapanga siku nyingine na Mutahi ataendelea kulala pale kama mahabusu. Nikikubali, nitamfanyia Mutahi kitu ulichokufa ukikikataa. Nilizunguka soko la Nyeri siku nzima nikikuuliza nifanye nini.

Nilienda Kerugoya, hospitalini. Nilibeba stendi yako, ile yenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilipofika nikawakuta kwenye korido, fulana juu ya makoti, na bodi nyingine nyeupe imeegemezwa ukutani. Mwenyekiti alinitambua. Uso wake ulibadilika, lakini mpiga picha alikuwa hana mwingine.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama wa Doldol. Nilimkumbuka mgongo wake ukienda na unga.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, kamera iko kwa mkoba. Mkilipa hospitali, tutaongea juu ya picha."

"Sisi hatufanyangi hivyo," akasema.

"Mimi ndivyo ninafanya."

Akatoa simu yake, ati atapiga picha mwenyewe. Nikamwambia apige, na mimi nitampiga picha yeye akipiga, kisha watu wa Kirinyaga wenyewe, wasikilizaji wa Mutahi, waamue ni picha gani wanataka kuona. Usifikiri nilikuwa jasiri, Baba Wahu. Tukatazamana pale huku wauguzi wakipita na ndoo. Mweka hazina wao, mama mmoja mnyamavu ambaye siku ya Endarasha alibaki garini, akasema, "Mimi naenda kulipa. Nimechoka na hii maneno." Akaenda kwenye dirisha la malipo. Aliporudi na risiti alinipa mimi, hakumpa mwenyekiti.

Nikaingia kwa Mutahi na risiti mkononi, kamera bado kwenye mkoba. Nikakaa kwenye kitanda chake. Nikamwambia bili imelipwa, imeisha, leo analala kwake. Nikamwambia hao walio mlangoni wanataka picha, lakini picha si lazima, akisema hapana nitabeba vitu vyangu niende. Mkewe alianza kulia. Nilikuwa na hakika Mutahi atasema hapana. Nilitaka aseme hapana! Nilitaka nimwone mwenyekiti akirudi Nairobi mikono mitupu, mara hii akiwa ameshalipa.

Mutahi akavuta pumzi, akahangaika na ule mdomo, akatoa neno moja.

"Kitana."

Mkewe akamchana nywele. Akadai koti, tukamvisha. Walipoingiza bodi, akaisukuma kwa mkono wake mzima, "Hiyo, chini." Kisha akaniashiria nianze. Mtu ambaye maisha yake yote watu walimjua kwa sauti tu, aliitazama lenzi yangu kwa uso wake uliopinda, na maneno yakatoka yakitambaa, moja, moja: "Watu wangu. Ni Mutahi. Bado niko."

Sikumwambia arudie.

Nililia barabara yote hadi Karatina. Nimekuwa nikidhani kwamba ulikataa picha. Miezi yote hii nimepigana na wewe kwa sababu ya picha. Lakini wewe ulipenda picha kuliko chakula! Walikwambia lala, vua, fungua, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama unataka. Hata mimi sikuwahi kukuuliza.

Mwenyekiti amesema sitaitwa tena. Sawa. Nimeshawaambia wapiga picha wenzangu wote, wa Nyeri, wa Kerugoya, wa Nanyuki, na wengine wamenicheka, na wengine hawakucheka. Nakuahidi hili, na unajua mimi siahidi ovyo: mgonjwa yeyote wa kazi hii nitakayeitwa kwake, kamera itakaa kwenye mkoba mpaka awe ameshapata chake, na hata baada ya hapo nitamuuliza kwanza.

Jumapili nakuja Endarasha. Mama Wahu ameniambia kuku wanataga vizuri tangu upepo uzibwe, kwa hiyo bodi hatuigusi, ikae hapohapo.

Pumzika sasa. Bado nimekukasirikia, ila leo ni kidogo. Kama wangekulipa kwanza, wakakuuliza, nafikiri ungemtuma Mama Wahu akuletee lile koti lako la kahawia na kofia ya harusi. Ungenifokea kwamba nimesimama mahali pabaya, jua liko nyuma yako, niende upande wa kabeji. Na mimi ningeenda, Baba Wahu.

Ni mimi,
Nyaguthii